Kungoja Mikono Ikauke

Kabla sijaruhusiwa kugusa kitabu cha yule bibi, ilinibidi ninawe. Hilo halikuwa na mjadala. Nikishapiga hodi na kuitikiwa, nikishatoa shikamoo na kupewa marahaba yangu, yeye mwenyewe alichukua kopo la bati lililofunika mtungi, akapapasa ukuta mpaka mlangoni pa ua, akanimiminia maji mikononi kama mtu anayemnawisha mgeni kabla ya chakula. Kisha tulikaa kwenye mkeka, tukangoja mikono yangu ikauke.

Kungoja huko kulikuwa kurefu. Hewa ya Malindi, hasa baada ya masika, haikaushi kitu. Hata chumvi hutoa maji ndani ya kibakuli. Nami sikuweza kujifuta kwa leso tu nikaanza kazi, maana wino wa kitabu kile ulikuwa wa masizi na gundi ya mti, wino wa watu wa kale, na kidole chenye unyevu kingeondoka na neno zima. Nililijaribu jambo hilo siku ya kwanza kama nilivyofundishwa Nairobi: pamba kidogo, tone la maji, gusa pembe ya herufi moja. Pamba ilirudi nyeusi. Nikamwambia, "Bibi, kitabu chako hiki kikiona maji kimekwisha." Akasema, "Najua."

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Mimi ni mtu wa bara, wa kule milimani ambako watu huota moto mwezi wa saba, na nililetwa Malindi na ofisi iliyoshughulika na mambo ya kale. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza karatasi: kuziba matundu ya mchwa, kuunga palipochanika, kupanga kurasa zilizochanganyika, ili miswada ya pwani ipigwe picha kabla haijaliwa yote. Huko pwani tendi na dua ziliandikwa kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo mimi sikuzijua hata moja. Mkubwa wangu hakuona neno. Alisema fundi wa viatu hana haja ya kujua mwenye viatu anakwenda wapi, akacheka peke yake.

Nilipanga chumba mtaa wa Barani. Asubuhi nilipika uji wa unga wa ngano, mwembamba, usio na sukari, nikauchuja kwa kitambaa, na huo ndio uliokuwa gundi yangu. Majirani waliponiona kila siku na sufuria ya uji, na hakuna mtoto wala mgonjwa nyumbani, walisema mwanamke yule wa bara hapikii watu, apikia vitabu. Hawakukosea. Jioni nikirudi, nilikuta kikombe palepale nilipokiacha, kandambili zikitazama upande uleule, na kimya cha chumba ambacho hakuna aliyekitumia tangu asubuhi. Nilikuwa mpweke, na upweke wangu ulikuwa wa kisirani. Ukinijulia hali nilikujibu kwa mkato, usiponijulia hali nilinuna. Kwetu nako nilikuwa nimeacha kwenda. Mama alikuwa na swali moja tu, la mume, na Krismasi mbili tatu zilizopita nilikuwa nimemjibu vibaya mbele ya watu.

Kazi yenyewe haikunipa watu wa kuzungumza nao. Nilibisha nyumba za mji wa kale moja baada ya nyingine, nikapewa kahawa na halua, nikaambiwa kwa adabu kubwa kwamba vitabu viliungua, au viliazimwa havikurudi, au vimezikwa. Hili la kuzikwa nilidhani ni mzaha mpaka nilipoelezwa. Karatasi iliyoandikwa jina la Mungu haitupwi jaani wala haifungiwi njugu. Ikichakaa isiweze kusomeka, huzikwa pahali pasipokanyagwa, au hutiwa kisimani, au huwekwa tu, ikae. Niliposikia hivyo nilipiga hesabu ya vitabu vilivyo chini ya mchanga wa mji ule nikaona afadhali ningepewa jembe kuliko gundi.

Yule bibi hakungoja nibishe. Alinitumia salamu kwa jirani yake: kama kweli kuna fundi wa karatasi, na aje.

Aliishi peke yake katika nyumba ya mawe yenye vyumba ambavyo havikuwa na mtu wa kuvilalia. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Jirani alimletea maji na mkate alfajiri, na baada ya hapo mlango haukubishwa tena mpaka kesho yake. Kitabu alikitoa ndani ya kasha, kimefungwa kwa leso, na majani makavu ya mwarobaini yakamwagika kila mahali. Uzi wa jalada ulikuwa umeliwa zamani. Paa lilipovuja mvua moja ya masika, jirani alikiokoa kwa kuzikusanya karatasi jinsi zilivyomjia mkononi, na hivyo ndivyo zilivyokuwa, vululuvululu, za mwanzo mwisho na za mwisho katikati.

Ulikuwa utenzi wa bibi yake mzaa mama. Mwanamke huyo aliletwa Malindi akiwa mwari, kutoka visiwa vya kaskazini, akaozwa katika nyumba asimomjua mtu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe jinsi alivyoishi mwaka wake wa kwanza. Haukuwa utenzi wa vita wala wa mitume. Hakuna mtu nje ya nyumba ile aliyewahi kuusikia.

"Fanya utakavyo," bibi aliniambia. "Ziba, unga, piga picha. Lakini nataka nisomewe mpaka mwisho. Mwishoni kuna dua. Hiyo dua ndiyo niitakayo, nami siikumbuki, na sitaki kufa sijaipata."

"Bibi, mimi herufi hizi sizijui."

"Macho unayo?"

"Ninayo."

"Mimi n'na kichwa. Basi twatosha."

Ndivyo tulivyosoma. Nilikaa karibu na mlango wa ua penye mwanga, karatasi magotini juu ya ubao, nikamweleza nilichokiona. "Kuna jino dogo, lina nukta juu." Akasema, "Hiyo ni nuni. Mbele?" "Mbele kuna mundu, unashuka chini ya mstari." "Una nukta?" "Hauna." "Re. Wenda vyema." Siku za mwanzo mstari mmoja ulitutoa jasho. Nikisema kitu fulani kinafanana na sikio, aliuliza sikio la mtu au la mbuzi. Mara moja nilimwambia naona bata amekaa, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akanikaripia kwamba bibi yake hakuandika bata. Kidogo kidogo herufi zikaanza kunizoea. Nikawa nasema jina la herufi badala ya umbo, na yeye alishika neno kabla sijalimaliza, akaliimba kwa ile sauti ya tendi, akirudia ubeti mzima ili ukae.

Ubeti wa kwanza tulioupata mzima ninao mpaka leo:

*Nimefika nyumba ngeni,*
*sina ndugu wa pembeni,*
*nazungumza na kuni,*
*na moshi ndio mwenzangu.*

Nilikaa na karatasi ile magotini, nikaona aibu, maana nilihisi mtu amepita Barani akachungulia dirishani kwangu. Bibi akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Hapakuwa na moshi, na yeye alijua, kwani jiko lake lilikuwa halijawashwa.

Kuzipanga karatasi hizo alinifundisha yeye. Bibi yake hakuandika nambari. Ila chini ya kila karatasi, pembeni, aliacha neno moja peke yake, na neno hilo ndilo lililoanza karatasi iliyofuata. La chini huita, la juu huitika. Basi nilizitandaza mkekani nikazioanisha kama watu wanavyopanga dhumna barazani, neno kwa neno, na kila zilipokubaliana nilimsomea naye akasema, "Ndiyo, hapo pana mlango." Haraka tulihitaji pia. Mpiga picha alikuwa aje kutoka Mombasa baada ya Idi, na mkubwa wangu alikuwa ameniambia waziwazi kwamba filamu ni ghali na utenzi uliokatika hautapigwa. Uliokosa karatasi ungerudi kasheni kwa mchwa wake.

Zikapangika zote isipokuwa mahali pamoja. Karibu na mwisho, mwandishi alikuwa ameanza kuomba:

*Ewe Mola wa rehema,*
*mwenye kutupa uzima,*
*mja wako nasimama,*
*ipokee dua yangu.*

Na chini yake, pembeni, neno lake la kuita. Nilimsomea herufi: nuni, re, jimu, ze. Bibi alilitamka polepole. "Nirejeze."

Nikageuza. Karatasi zilizobaki zilikuwa za mwisho kabisa, za kuaga, na hakuna iliyoanza kwa neno hilo. Nyuma yao kulikuwa na karatasi moja tupu, imekunjamana, ina alama ya maji pembeni. Niliichukulia kuwa ya kufunikia, nikaiweka kando.

Bibi alikuwa ameinua uso, midomo imefunguka kidogo. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilifikiri anasikiliza kitu nje.

"Endelea," akasema hatimaye.

"Hakuna mbele, bibi. Karatasi ya dua haipo."

"Haipo," akasema. Kisha, kama mtu anayemtuma mtoto chumvi dukani, "Basi itafute."

Niliitafuta. Kila alasiri nilitoka Barani, nikapiga hodi, nikanawa, nikangoja, nikatafuta. Nilitoa kila kitu kasheni. Niliingia chini ya vitanda vya mihimili vilivyokuwa havijalaliwa miaka. Nilipapasa vidaka vya ukutani kimoja kimoja, nikatoa vipande vya kaure na nge mmoja. Nilikwenda msikitini kuuliza mlangoni, nikaletewa sanduku la karatasi zilizochakaa na mzee mpole ambaye hakunipa niliguse bali alizifunua mwenyewe mbele yangu. Haikuwemo. Na kila siku bibi alikumbuka pahali papya, pamoja tu. Leo chumba cha juu. Kesho sanduku la cherehani. Keshokutwa nyuma ya kioo.

"Bibi, nyumba hii sasa naijua kuliko chumba changu," nilimwambia siku moja, utando wa buibui nywele nzima.

"Asiye na mwana aeleke jiwe," akajibu. "Na wewe jiwe zito, tena lanung'unika."

"Lakini mwana unaye."

Mwana alikuwa naye kweli, mmoja, yuko Arabuni. Habari zake nilizipata kidogo kidogo wakati wa kungoja mikono ikauke. Alikwenda kutafuta kazi, na zamani alikuwa akituma kaseti badala ya barua kwa kuwa mamake haoni. Ile ya mwisho bibi aliniwekea mara nyingi. Kijana anamsalimu jirani mmoja mmoja, gari linapiga honi nyuma yake, kisha anasema, "Mama, Idi hii nitakuja." Ile Idi ilipita na nyingine zikaifuata. Wakati fulani radio iliumeza ukanda ukajikunja, na kila alipofika kwenye neno Idi sauti yake ilizama na kuibuka. Niliunyoosha kwa penseli na subira kadiri nilivyoweza. Bibi alisema usingenyooshwa pia ungemfaa.

Ramadhani ikawa inaelekea ukingoni na mpiga picha alikuwa karibu. Niliamua kukata tamaa kwa mpango: kama utenzi hautapigwa picha, angalau matundu yake yazibwe. Karatasi ya kuzibia niliyopewa ofisini ilikuwa nyeupe mno, ilionekana kama plasta kwenye uso wa mtu mweusi. Fundi wa kazi hii hutafuta karatasi ya rika moja na kitabu chenyewe. Nami nilikuwa nayo: ile tupu. Rangi ileile, unene uleule, na haina kitu. Nilishukuru, nikachukua mkasi, nikakata pembe.

"Wakata nini?"

Bibi alikuwa upande wa pili wa ukumbi, akitengeneza mtama wa kuku. Hakuwa haoni tu. Masikio yake yalikuwa yamechukua kazi ya macho.

"Karatasi tupu ya nyuma, bibi. Nataka viraka."

"Si tupu hiyo!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Aliinuka, mtama ukamwagika, akaja bila kupapasa ukuta, akagonga pembe ya kasha kwa nyonga na hakusimama. Nilikuwa nimeshaiinua karatasi kwenye mwanga wa ua, mkasi ungali mkononi. Hapo ndipo nilipoiona. Mistari ilikuwepo, ile mistari isiyo na wino ambayo mwandishi hubonyeza karatasini kabla ya kuandika ili maneno yasipande wala kushuka. Palikuwa na kijivu juu ya mistari, hafifu, kama mahali palipowekwa sufuria pakafutwa. Hakuna herufi hata moja iliyosomeka.

Bibi alinyoosha mkono, nikampa. Akaipitisha vidole, akafika kwenye pembe iliyokatwa, akasimama hapo.

Aliniambia akiwa amesimama vilevile. Mwanawe alikuwa mdogo, homa imemshika, hajui mtu. Mwalimu wa kuandika kombe, yule ambaye watu humwendea awaandikie aya kwa zafarani kwenye sahani, zioshwe kwa marashi mgonjwa anywe, alikuwa amesafiri Lamu kwa maulidi. Nyumbani zafarani hakuna. Mume yuko safarini. "Nikakumbuka dua ya bibi," akasema. "Nikaona mkono wake ule una baraka kuliko wa mwalimu. Nikaichomoa kitabuni, nikailaza katika bakuli, nikatia marashi na maji ya kisima. Wino ukatoka wote, mwanangu, maji yakawa meusi kama kahawa. Akanywa. Asubuhi aliniomba mkate wa sinia."

Karatasi aliianika, akairudisha kitabuni, kwa kuwa ilikuwa imebeba jina la Mungu na haitupwi.

"Nilimnywesha dua nzima," akasema, "na neno lake la kwanza ni nirejeze. Nauliza kila siku: mbona harejei?"

Nilisema labda yuko njiani, akaniambia nisimwongopee, yeye si mtoto.

Kisha hasira ikanipanda, nisifiche. Nilikuwa nimetambaa chini ya vitanda vyake, nimetoa nge kwa vidole. "Ulijua tangu mwanzo iko wapi. Mbona uliniacha nitafute?"

"Mwanzo nilidhani tukifika pale ulimi utaikumbuka wenyewe. Nilikusikiza ukisoma, nikangoja. Haikuja." Aliikunjua pembe ya karatasi, akaikunja tena. "Halafu nikasema, akijua kwamba haipo, kesho atakuja kufanya nini?"

Nilitaka kumwambia ningekuja vilevile. Lakini mimi najijua. Ningekwenda nyumba nyingine, nimebeba sufuria yangu ya uji, nimenuna. Na kweli nyingine ni hii, kwamba kila alipokumbuka pahali papya moyo wangu haukuchoka. Ulifurahi.

Nilichukua kile kipande nilichokikata, nikakirudisha pembeni pake kwa uji. Tulingoja ukauke. Halafu nikamwambia zimebaki kurasa za mwisho, tuzisome, maana sharti lilikuwa mpaka mwisho. Wakati huo nilikuwa naweza kusoma karibu bila msaada, kwa kujikwaa. Ubeti wa kuaga ulisema:

*Kalamu imenichoka,*
*na wino umenitoka,*
*palipo na kupunguka*
*tieni neno, wenzangu.*

Alinirudisha kwenye mstari wa mwisho mara ya pili, na ya tatu. "Asema tutie neno," akasema. "Basi nitatia langu." Akafungua viganja magotini, akaomba, si kwa ushairi wala kwa Kiarabu, kwa maneno ya jikoni. Alisema chini kwa chini na mengi sikuyapata. Nilisikia mwanangu. Nilisikia arudi hata mikono mitupu. Na karibu na kumaliza, bila kugeuza uso wala kubadili sauti, nilisikia, "Na huyu wa bara, mrejeze kwa mamake."

Nilitoka nikasimama uani na kuku mpaka nilipojiamini.

Mpiga picha alikuja baada ya Idi, amechelewa nusu ya siku kwa foleni ya feri pale Kilifi, na hasira zake zote alikuja nazo. Alifunga taa zake ukumbini, akaweka kamera juu ya miguu mitatu, nami nikamgeuzia kurasa. Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye ile.

"Hii tupu. Pita."

"Piga."

"Dada, filamu haipigwi karatasi tupu. Na mbele yake naona utenzi umekatika. Uliambiwa, uliokatika hauingii."

"Hakuna karatasi iliyopotea. Zote zipo, na hii iko mahali pake. Hesabu mwenyewe."

"Zipo lakini hii haina neno!"

Nilikuwa tayari kumrushia sufuria. Bibi, aliyekuwa kimya kwenye kiti chake amevaa leso mpya ya Idi, akasema, "Ipige, kijana wangu. Imeandikwa hiyo. Ila wino wake uko mbali."

Alimtazama bibi, akanitazama mimi, akaona wanawake wawili wasio na dalili ya kumpisha na jua linakwenda zake. Akapiga. Kote mbele na nyuma. Baadaye ofisini nilihojiwa kuhusu picha zile mbili za karatasi tupu katikati ya utenzi, nikaandika maelezo mafupi, na sijui kama kuna aliyeyasoma. Filamu nadhani bado iko kabatini mahali fulani. Mimi nilihamishwa mwaka uliofuata. Mpaka naondoka Malindi, mwana hakuwa amerudi, wala kaseti nyingine haikuja.

Lakini siku iliyofuata picha, baada ya alasiri, nilijikuta njiani kutoka Barani bila sufuria. Sikuwa na kazi kule. Kitabu kilikuwa kimefungwa upya kwa leso, kimetiwa mwarobaini, kasha limefungwa kwa ufunguo. Nilipiga hodi. Bibi akaitika, "Karibu." Nikatoa shikamoo, nikapewa marahaba yangu. Nikamwambia nimeomba likizo niende kwetu kumwona mama, nimepewa, nitaondoka mwisho wa mwezi, na kwamba nimekuja kumwambia hivyo tu.

Bibi akaitikia kwa kichwa. Kisha akapapasa mtungi, akachukua kopo, akatangulia mpaka mlango wa ua.

"Njoo unawe," akasema.

Nilinyoosha mikono akanimiminia, nyuma na mbele, bila kuniuliza naja kugusa nini. Tukakaa mkekani, kila mtu upande wake, na tulipokuwa tumekaa hivyo mpaka kuku wameingia bandani, akaniuliza kama imekauka.

"Bado, bibi," nikasema.